Land Rover Iliyozima Kila Ilipopata Joto: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Tabora

Usuli

Gari linalozungumziwa hapa ni Land Rover Series III fupi, ile ya inchi 88 kati ya ekseli mbili, yenye injini ya petroli ya silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 2286. Toleo hilo lilitengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985. Mmiliki wake, ambaye katika maelezo haya nitamwita Mzee, ni mtumishi mstaafu aliyelinunua mnadani, akalitumia miaka mingi kwa shughuli za shamba na mizinga ya nyuki, hadi breki ziliposhika na sehemu ya chasisi ikaoza. Tangu hapo likawa limesimama uwani kwake, chini ya mwembe, katika mtaa mmoja wa mji wa Tabora. Majina ya wahusika, mtaa na namba za gari vimeondolewa.

Mzee alitaka gari lirudi katika hali yake ya asili, na kazi ifanyike nyumbani kwake, yeye mwenyewe akiona. Wasaidizi wake walikuwa mpwa wake, kijana aliyejifunza ufundi kwa kushika spana, pamoja na mafundi wawili wa mtaani waliokuja kwa nyakati tofauti. Sharti lake moja lilikuwa kwamba injini isibadilishwe kwa ya gari jingine, jambo ambalo Land Rover nyingi za umri huo zimekwisha kufanyiwa hapa kwetu. Sharti hilo nililiunga mkono tangu siku ya kwanza. Injini hii haina kompyuta wala sensa inayohitaji mashine ya kusomea kasoro. Mwenye mita ya umeme, fila geji ya kupimia mianya midogo, taa ya kupimia umeme na subira anaweza kuifahamu kuanzia tanki hadi plagi. Mimi hufundisha ufundi wa magari, na niliitwa wakati fedha nyingi zilikuwa zimekwisha kutumika na gari bado linazima njiani.

Kazi iliyofanyika kabla ya tatizo

Mwanzo wa kazi ulikuwa mzuri kuliko wa wengi wanaofufua magari ya zamani. Injini iliyokaa miaka bila kuzungushwa haipaswi kupigwa stata moja kwa moja, kwa sababu ringi zinaweza kuwa zimeshikana na silinda kwa kutu. Kijana na fundi wa kwanza walifungua plagi zote, wakamimina oili nyepesi katika kila silinda, wakaiacha ilowe kwa siku kadhaa, kisha wakaizungusha injini taratibu kwa hendeli ya mbele, ambayo Series III bado inayo. Ilipozunguka bila kukwama, wakamwaga oili ya zamani, wakatia mpya, ndipo stata ikaruhusiwa.

Baada ya injini kuwaka na kupata joto walipima mgandamizo wa silinda, plagi zote zikiwa nje na kipepeo cha kabureta kikiwa wazi kabisa. Silinda zote nne zilikaribiana. Tofauti kati ya ya juu na ya chini haikufika sehemu moja ya kumi. Kijana aliandika vipimo hivyo kwa penseli ya seremala kwenye ukuta wa stoo, na maandishi hayo ndiyo yaliyokuja kuiokoa injini isifunguliwe bure.

Tanki, ambalo kwenye gari hili hukaa chini ya kiti cha kulia, lilikuwa na kutu na tundu dogo. Fundi wa kwanza alitaka kulichomelea, Mzee akakataa kata kata, na alikuwa na haki. Tanki la petroli lililomwagwa ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa kinacholipuka ni mvuke uliochanganyika na hewa, na mvuke huo hubaki ndani hata pale pua inaposema hakuna kitu. Waliliosha kwa maji ya moto na sabuni mara kadhaa, wakatia vipande vya mnyororo na kulitikisa hadi kutu ikatoka, kisha tundu likazibwa kwa gundi ya chuma inayostahimili petroli.

Bodi haikuwapa shida kubwa, kwa sababu sehemu kubwa yake ni aloi ya alumini. Kilichooza ni chasisi na sakafu za miguuni, ambazo ni za chuma, na hizo zilikatwa na kuungwa upya. Breki zilitengenezwa kabla ya gari kuruhusiwa kutoka getini.

Kitu kimoja kilichobadilishwa katika hatua hii hakikuandikwa popote. Koili ya zamani (kifaa kinachopandisha volti za betri ili plagi zitoe cheche) ilikuwa na ufa kwenye mdomo unapoingia waya mkuu, hivyo fundi akafunga nyingine aliyokuwa nayo, iliyotolewa kwenye gari la Kijapani. Ilikuwa ya volti 12, ilikaa vizuri kwenye kishikio chake, na gari liliwaka kwa mguso mmoja. Hakuna aliyeifikiria tena.

Tatizo lilivyoanza na hatua zilizochukuliwa

Kwa miezi ya baridi gari lilitumika mjini bila kasoro: sokoni, mashineni, kwa ndugu. Safari ya kwanza ya mbali ilikuwa mwezi Septemba, jua la Tabora linapoanza kuwa kali kabla ya mvua, kuelekea upande wa Sikonge. Baada ya mwendo wa kama nusu saa injini ilimisi mara chache, kisha ikazima. Walisubiri, likawaka, likaenda kidogo, likazima tena. Walirudi mjini kwa vipande.

Wazo la kwanza lilikuwa kwamba petroli inachemka kwenye pampu na mabomba kabla ya kufika kwenye kabureta. Wazo hilo halikuwa la kipuuzi. Mji wa Tabora uko kwenye mwinuko wa takribani mita 1200, ambako shinikizo la hewa ni dogo kuliko pwani na vimiminika huchemka mapema zaidi. Maji yenyewe, yasipofungiwa, huchemka karibu na nyuzi 96. Kisha likaja jambo lililowashawishi wote. Kando ya barabara walifunika pampu ya petroli kwa kitambaa kilicholoweshwa maji, wakakaa kivulini, na walipojaribu tena gari likawaka. Kuanzia hapo swali likawa si tena kwamba tatizo ni nini, bali ni namna gani petroli izuiwe kuchemka.

Ikafungwa pampu mpya, kisha kichujio kipya. Bomba la petroli likavikwa karatasi ya alumini ya jikoni. Thamostati, valvu inayozuia maji ya injini yasipoe kupita kiasi, ikatolewa na kutupwa ili injini ipoe zaidi. Kabureta ikafunguliwa, ikaoshwa na kufungwa kwa silikoni, skrubu zikakazwa kwa nguvu zote. Pointi na kondensa za distribyuta (kifaa kinachogawa cheche kwa plagi; pointi ni swichi yake ndogo inayokata na kuunganisha umeme wa koili) zikabadilishwa, gari likawa zuri kwa siku chache, likarudia. Sasa hata mjini lilianza kusumbua, kwa kuwa sailensa, yaani mzunguko wa injini akseleta isipokanyagwa, ilipanda na kushuka na moshi mweusi ulitoka.

Fundi wa pili alipoitwa alisikiliza injini kwa muda mfupi, akatoa hukumu: "Mzee, hii imechoka. Tuifungue tufanye oveholi, au nikutafutie injini nyingine uachane na mateso."

Mzee hakuwa tayari kwa lolote kati ya hayo mawili. Ndipo nilipoitwa.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusimamisha ununuzi wa vipuri. Kila kifaa kipya kilikuwa kimefungwa bila kupimwa, na kila ufungaji ulikuwa nafasi ya kasoro mpya kuingia. Kijana alichukua daftari, akaandika kwa kufuatana kila kilichobadilishwa, na tabia ya gari ilikuwaje kabla na baada. Tulipofika kwenye thamostati tukapata ushahidi uliokuwa umelala pale kwa wiki kadhaa: baada ya kutolewa, mshale wa joto ulishuka na kubaki chini, lakini gari liliendelea kuzima kama kawaida yake. Joto la maji ya injini, basi, halikuwa kiini cha tatizo.

Uamuzi wa pili ulikuwa kurudisha thamostati. Injini inayokimbia ikiwa baridi mno hutumia petroli nyingi na kuchakaa upesi, na zaidi ya hayo sikutaka kupima gari ambalo hali yake si ya kawaida.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kutofungua injini. Vipimo vya mgandamizo vilivyo ukutani vilionyesha silinda zenye afya, na injini yenye silinda mbovu haifi ghafla ikiwa ya moto kisha ikafufuka yenyewe ikipoa, ikivuta mzigo kama kawaida.

Uamuzi wa nne, ambao naona ndio uliobeba kazi nzima, ulikuwa kulipima gari likiwa limekata njiani. Siku zote lilikuwa likipimwa uwani, asubuhi, likiwa baridi na halina kasoro. Hapo pampu inasukuma, plagi zinatoa moto, na kila kifaa kinaonekana kizuri kwa sababu kwa saa hiyo ni kizuri kweli. Kasoro ya joto huishi dakika chache tu, na ndani ya dakika hizo fundi anatakiwa awe amesimama penye boneti akiwa na mita mkononi.

Kabla hatujaondoka nilimuuliza kijana, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiendesha, gari huzimaje hasa. Alimgeukia Mzee kwanza, kama anayeomba ruhusa. "Mjomba, nilishasema siku ile. Linamisi kidogo, halafu linakata kama mtu kazima swichi." Injini inayokosa petroli mara nyingi hufa kwa kusitasita: inavuta, inalegea, inavuta tena, na dereva anahisi nguvu zikimtoka pole pole. Kukata ghafla huelekeza zaidi kwenye umeme. Haikuwa hukumu, kwani kasoro za umeme nazo huweza kuja taratibu, lakini ilitosha kutuambia tubebe nini.

Kipimo kando ya barabara

Tulichagua barabara ya Urambo, mchana wa Oktoba. Tulibeba mita, taa ya kupimia, koleo lenye mikono ya mpira, kondensa iliyojulikana kuwa nzima, maji, vitambaa na kizima moto. Kijana aliagizwa kwamba gari likikata azime swichi papo hapo na kusogea kando, asihangaike kulipiga stata.

Lilikata kama alivyosema. Tukaanza na petroli, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikituhumiwa. Kifuniko cha tanki kilifunguliwa tukitega sikio, kwa sababu tundu la kupumulia likiziba tanki hunyonya hewa kwa mlio na petroli hugoma kutoka; nyigu wa udongo hupenda sana kujenga kwenye matundu ya namna hiyo gari likisimama muda mrefu. Hapakuwa na mlio, na gari halikuwaka. Tukaondoa kiko cha hewa juu ya kabureta na kuvuta mkono wa akseleta: mchirizi mwembamba wa petroli uliruka ndani ya koo la kabureta, na ulipovutwa tena ukaruka tena. Bakuli la kabureta lilikuwa na petroli ya kutosha kuiwasha injini, hata kama pampu isingesukuma tone moja zaidi. Kiko kikarudishwa na petroli iliyodondoka ikafutwa, maana hatua iliyofuata ilihusu cheche.

Kisha tukarudia dawa yao ya zamani kwa tofauti moja. Kitambaa chenye maji kiliwekwa juu ya pampu, na stata ikapigwa mara moja, bila kusubiri kivulini. Injini ilizunguka tu. Mzee, aliyekuwa amesimama pembeni na kofia yake mkononi, aliitazama pampu kwa muda mrefu.

Upande wa umeme, taa ya kupimia iliwaka kwenye upande chanya wa koili swichi ilipowashwa. Waya mweupe unaotoka kwenye swichi ulikuwa unafanya kazi yake. Upande wa pili, wenye waya mweupe wa mstari mweusi unaokwenda kwenye distribyuta, taa iliwaka na kuzima injini ilipozungushwa, maana yake pointi zilikuwa zinafunguka na kufunga. Ukabaki waya mkuu, unaotoka kwenye koili kwenda kwenye distribyuta. Tuliuchomoa kwenye kofia ya distribyuta, nikaushika kwa koleo ncha yake ikiwa milimita kama sita kutoka kwenye chuma cha injini, na kijana akapiga stata. Palitokea uzi wa rangi ya chungwa, dhaifu, uliokatika kabla ya kufika, kisha hapakutokea kitu. Kondensa nzima ilifungwa mahali pa ile mpya; hali haikubadilika.

Nikaweka kiganja kwenye koili na kukiondoa upesi. Haikushikika. Swichi ikiwa imezimwa tulifunika kitambaa chenye maji kwenye mwili wa koili peke yake, tukilinda vituo vya waya visilowe, na mvuke ukapanda. Maji yalibadilishwa hadi mkono ukaweza kuvumilia. Stata ilipopigwa, cheche ya bluu ikaruka kwa mlio wa kupasuka. Waya ukarudishwa, gari likawaka.

Nyumbani, koili ilipokuwa imepoa, mita ilisoma ukinzani wa omu 1.6 kati ya vituo vyake viwili vidogo. Kijana alipofuta rangi na vumbi kwenye mwili wake yakatokea maandishi madogo ya Kiingereza yaliyoagiza kwamba koili hiyo itumike pamoja na rezista ya nje, yaani kifaa cha kupunguza umeme unaoingia kwenye koili. Gari ilikotoka lilikuwa na rezista hiyo. Series III haina; hupeleka volti zote za betri moja kwa moja kwenye koili, na kwa hiyo huhitaji koili yenye ukinzani wa karibu omu 3.

Marekebisho

Palikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuongeza rezista kwenye waya wa koili iliyopo. Ya pili ni kufunga koili ya aina inayotakiwa. Rezista ingekuwa rahisi kupatikana, lakini mfumo wa namna hiyo, ukitengenezwa ipasavyo, unahitaji waya wa ziada unaoipa koili volti kamili wakati wa kupiga stata, na mimi sikupenda gari la asili liongezewe waya ambao fundi mwingine wa baadaye hatauelewa. Koili sahihi iliagizwa Dar es Salaam ikaletwa na basi. Kabla ya kufungwa ilipimwa ikasoma omu 3.1. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya pampu iliyokwisha nunuliwa.

Kwa kuwa gari lilikwisha kutudanganya, tulitaka uthibitisho wa pande zote mbili. Koili mpya ilipofungwa gari lilikwenda njia ile ile bila kukata. Siku iliyofuata tulirudisha koili ya zamani kwa makusudi, bila kugusa kingine chochote, na likazima. Hapo ndipo Mzee alipokubali kwamba jambo limekwisha.

Ilibaki kasoro ya sailensa, ambayo sikutaka kuigusa mapema kwa sababu kabureta inayorekebishwa huku cheche ni dhaifu hurekebishwa vibaya. Kabureta ya gari hili ni Zenith 36IV, na ugonjwa wake mkuu unafahamika kwa wote walioishughulikia: uso wa kiungo kati ya sehemu ya juu na ya chini hupinda, hasa skrubu zikikazwa kupita kiasi, kisha petroli na hewa hupita pasipostahili. Tuliweka rula ya chuma juu ya uso huo na kuinua kwenye mwanga. Mwanga ulipita katikati. Msasa laini uliolowa uliwekwa juu ya kioo kinene cha dirisha, na uso ukasuguliwa kwa miduara, pole pole, hadi rula ikakaa bila mwanga kupita. Ndani ya njia ya sailensa palikuwa na vipande vya silikoni vilivyolainika na kukatika. Silikoni ya kawaida haistahimili petroli, na haina nafasi yoyote ndani ya kabureta. Pete ya mpira ilibadilishwa, gasketi safi ikawekwa, skrubu zikakazwa kidogo kidogo kwa kuvukana.

Mwisho tulirekebisha mianya: valvu milimita 0.25, pointi kati ya 0.35 na 0.40, plagi karibu 0.75. Pointi zilizotoka zilikuwa zimeungua na kugeuka bluu.

Matokeo

Gari lilikwenda Sikonge na kurudi mchana wa jua kali, likiwa na ndoo za asali nyuma, bila kusimama. Sailensa imetulia. Pointi zilipokaguliwa baada ya wiki kadhaa zilikuwa za kijivu safi. Karatasi ya alumini imeondolewa kwenye bomba la petroli. Uvujaji wa oili kwenye sili ya nyuma ya krenkshafti bado upo, na Mzee ameuacha kwa sasa kwa kuwa kuufikia kunahitaji kushusha gia boksi.

Uchambuzi

Kiini cha kasoro kinaelezeka kwa hesabu ndogo. Betri ya volti 12 ikipeleka umeme kwenye koili ya omu 3, pointi zikiwa zimefunga, zinapita ampea 4. Kwenye koili ya omu 1.5 zinapita 8, na joto linalozaliwa ndani ya mfumo ule linakuwa maradufu. Safari fupi za mjini hazikuifikisha koili kwenye hali ya kushindwa, na miezi ya baridi ilisaidia kuificha. Pointi nazo zilibeba mzigo usio wao, ndiyo maana pointi mpya zilileta nafuu ya siku chache tu, na nafuu hiyo ikawa kishawishi kingine cha kuamini kwamba njia ni sahihi.

Jambo lililowachanganya wote zaidi lilikuwa muda wa kusubiri. Mara nyingine gari liliwaka baada ya robo saa, mara nyingine karibu saa nzima, na wao waliona tofauti hiyo ni ya kivuli na jua. Kijana aliposimulia kwa utulivu ikaonekana kwamba siku nyingine aliacha swichi ikiwa imewashwa akiangalia mshale wa petroli, kwa kuwa petroli ndiyo iliyoshukiwa. Injini ikisimama mahali ambapo pointi zimefunga na swichi imewashwa, umeme hupita kwenye koili mfululizo, bila hata mapumziko madogo yanayopatikana injini inapozunguka. Siku hizo koili iliendelea kupikwa wakati wao wanaamini inapoa. Injini ikisimama pointi zikiwa wazi, koili ilipoa hata kama swichi haikuzimwa. Kwa hiyo muda wa kusubiri uliamuliwa na mambo mawili ambayo hakuna aliyekuwa akiyatazama. Ninaliweka hili mbele kwa sababu kasoro inayokuja na kuondoka bila mpangilio huwafanya watu waseme gari lina mambo yake, na huo ndio wakati wanapoacha kupima na kuanza kubahatisha.

Jaribio la kitambaa kwenye pampu lilishindwa kwa sababu lilichanganya mambo mawili: maji kwenye pampu na muda uliopita. Muda ndio ulioiwasha injini, sifa ikaenda kwa maji. Vitambaa viwili vilivyowekwa kwa zamu, kila kimoja mahali pake na stata ikipigwa bila kuchelewa, vilitosha kutenganisha yaliyochanganyika kwa wiki nyingi. Jaribio hilo halikuhitaji kifaa wala fedha, na lingeweza kufanyika siku ya kwanza kwenye barabara ya Sikonge.

Kuhusu mafundi waliotangulia, siwezi kuwalaumu kwa kushuku petroli. Nawalaumu kwa kutorudi nyuma pale pampu mpya ilipoonyesha tabia ile ile ya pampu ya zamani. Kifaa kipya kikishindwa kubadilisha dalili hata kidogo, kimekwisha kutoa jibu, na jibu lake ni kwamba kasoro iko kwingine. Ukaguzi wa mgandamizo mwanzoni ulikuwa kazi bora ya fundi wa kwanza. Bila maandishi yale ya penseli, ushauri wa oveholi ungekuwa mgumu kupingwa, na injini nzima ingefunguliwa kwa ajili ya kosa la koili. Thamostati iliyotupwa ni desturi iliyoota mizizi katika gereji zetu, na hapa ilileta hasara mara mbili: iliifanya injini ikimbie baridi, na ushahidi muhimu ilioutoa ukapita bila kusomwa.

Kauli ya kijana ilistahili kuwa mwanzo wa uchunguzi. Aliisema siku ya kwanza, mbele ya watu wazima waliokwisha kuafikiana kuhusu petroli, naye kwa adabu hakuirudia. Anayeshika usukani gari linapozima ndiye shahidi pekee wa dakika ile, awe mkubwa au mdogo, na fundi anapaswa kumuuliza mwenyewe, kwa jina lake, na kumwacha amalize.

Anayekutana na dalili kama hizi bila kuwa na mita bado anaweza kufika mbali. Gari likikata azime swichi kwanza. Atazame kama petroli inaruka kwenye koo la kabureta, afunike na kukausha, kisha atazame rangi ya cheche kwenye waya mkuu, akiushika kwa koleo lenye mpira na kamwe asiuache uelee mbali na chuma, maana hilo nalo huua koili. Petroli ikiwapo na cheche ikikosekana, apoze koili peke yake na ajaribu tena papo hapo. Na kabla ya kununua koili nyingine, afute vumbi kwenye ile iliyopo na asome kilichoandikwa juu yake.